Kauri tatu katika kinywa kimoja: kisa cha gego lililoliwa na kofia ya zirkonia

Alikuja Jumatatu asubuhi, siku ambayo benchi letu hujaa watu waliovumilia maumivu wikendi nzima. Yeye hakuwa na maumivu ya kumliza. Alikuwa na lawama. Hata kabla hajakaa vizuri kwenye kiti akaanza: "Daktari, hili jino nililowekewa linakula jino langu la juu. Nimelipa fedha zote zile ili linilie jino?"

Ni mama wa miaka 47, mfanyabiashara wa nafaka hapa Arusha. Amekulia upande wa Usa River, chini ya Mlima Meru, si mbali na Maji ya Chai, kwa hiyo meno yake yana yale madoa ya kahawia tunayoyaona kila siku kwa watu waliokunywa maji yenye floridi nyingi utotoni. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na ukanda huo una vyanzo vingi vinavyovuka kiwango hicho mara kadhaa. Enameli (tabaka gumu la nje la jino) iliyojengeka katika maji ya namna hiyo huwa na vinyweleo chini ya uso wake na humeguka kirahisi. Jambo hili lilikuwa na uzito katika kisa hiki, ingawa nilikaribia kulisahau.

Kilichonifanya nikiandike kisa chenyewe ni kwamba kinywa chake kilikuwa na kofia tatu, yaani maganda yanayovalishwa juu ya jino lililochongwa, kila moja ya kauri yake. Kushoto chini, gego la kwanza (namba 36 kwa hesabu yetu madaktari wa meno), alikuwa na kofia ya kauri iliyochomwa juu ya chuma, ya zaidi ya miaka kumi. Kushoto juu, gego dogo (24), kofia ya lithiamu disilikati, kauri ya jamii ya kioo, tuliyomwekea sisi miaka mitano kabla ya siku hiyo. Na kulia chini, namba 46, kofia ya zirkonia tupu (kauri ngumu kuliko hizo mbili), isiyo na tabaka la kauri nyingine juu yake, aliyowekewa kwingine miezi 26 nyuma baada ya tiba ya mzizi. Hiyo ndiyo aliyokuja kuishitaki. Ni nadra kupata mizani ya namna hii: mate yaleyale, ugali uleule, taya lilelile, kauri tatu.

Nilianza na gego la juu kulia, namba 16. Kilele chake cha ndani kilikuwa kimekwisha, na mahali pake palikuwa na bapa lenye upana wa milimita tatu hivi. Katikati ya bapa kulikuwa na kishimo cha rangi ya njano iliyokolea. Hiyo ni dentini, sehemu ya jino iliyo chini ya enameli. Nilipopuliza hewa akashika mkono wa kiti. Maji baridi, alisema, hanywi tena kwa upande huo tangu mvua za masika.

Kisha nikachukua kile chuma chembamba chenye ncha tunachochunguzia meno, nikakipitisha taratibu juu ya kofia ya zirkonia. Kililia kama ukucha juu ya kigae. Nilipokiinua, juu ya kofia palibaki mstari wa kijivu. Daktari mgeni angedhani ni ufa. Ule ulikuwa ni unga wa chuma changu: kofia ilikuwa imekipiga tupa. Nikaosha, nikajaribu tena pembeni, kwenye ukuta wa kofia ambako hakuna jino linalogusana nao. Pale kiliteleza, hakikuacha kitu. Nikahamia kofia ya lithiamu disilikati, kikateleza vilevile. Kwenye kofia ya zamani ya chuma na kauri kiliteleza, isipokuwa kwenye kona moja ya upande wa ulimi ambapo kauri ilikuwa imemeguka kipande cha ukubwa wa punje ya mtama.

Kwa hiyo zirkonia ileile, ya kofia ileile, ilikuwa tupa juu na kioo pembeni. Nilipoona hivyo nilijua tunaelekea wapi, lakini nilitaka kwanza kujua gego la juu limeliwa kiasi gani.

Bahati ilikuwa upande wetu. Fundi wetu wa maabara ana tabia ambayo nimewahi kumgombeza kwayo: hatupi sanamu za plasta. Stoo yake imejaa meno ya watu. Sanamu za mama huyu za miaka mitano iliyopita, tulipomtengenezea kofia ya 24, zilikuwepo zimefungwa kwenye gazeti. Tukachukua alama mpya za meno yake, tukamwaga plasta, tukakandika silikoni juu ya sanamu ya zamani, tukaikata katikati ya vilele kwa wembe, kisha tukaivalisha sanamu mpya. Pale jino lilipopungua, silikoni huacha mwanya. Kwenye gego 16 mwanya ulikuwa kama milimita 0.6. Kwenye gego 26, linalogongana na kofia ya zamani ya chuma na kauri, kama 0.2. Kwenye 34, chini ya kofia ya lithiamu disilikati, mwanya haukupita unene wa karatasi. Njia hii ni ya kifundi, si ya maabara ya utafiti, na mimi mwenyewe sitabishania nukta ya pili ya desimali. Ila 0.6 na 0.2 huwezi kuzichanganya.

Ili tarakimu hizo zipate maana, linganisha na ulikaji wa kawaida. Paul Lambrechts na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, waliupima mwaka 1989 wakapata kwamba enameli ya magego, ikigongana na enameli mwenzake, hupungua kama mikromita 29 kwa mwaka, na ya magego madogo kama 15. Kwa miaka mitano gego lilipaswa kupoteza karibu 0.15. Upande wa kushoto ulikuwa umevuka kidogo. Wa kulia ulikuwa umepita mara nne, na sehemu kubwa ya hasara hiyo naamini ilitokea katika ile miezi 26.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea, na mimi nimo. Nilipokuwa mwanafunzi hoja ilikuwa nyepesi: zirkonia ni ngumu kuliko jino, basi itakula jino. Ukisoma majedwali ya ugumu, hoja inapendeza. Enameli ina gigapaskali 3 na kitu kwa kipimo cha Vickers, lithiamu disilikati karibu 6, zirkonia 12 hadi 13. Mara nne ya jino! Nani angeiweka kinywani mwa mama yake? Lakini majaribio ya mashine za kutafuna yalipoanza kufanywa kwa wingi, matokeo yalikuja kinyume: zirkonia iliyong'arishwa vizuri ilikula enameli kidogo kuliko ile kauri ya zamani ya feldispari, inayochomwa juu ya chuma kama ile ya 36, ambayo ni laini kuliko zirkonia kwa zaidi ya nusu. Na ile iliyopakwa tu glezi, ngozi nyembamba ya kioo, ikakula zaidi ya ile iliyong'arishwa.

Sababu iko kwenye umbile la ndani. Kauri ya feldispari ni kioo chenye fuwele na vitundu vya hewa. Inapolika haiteremki kwa usawa. Inamomonyoka, inaacha kingo kali, na vipande vyake vinabaki kati ya meno vikisaga kama mchanga. Zirkonia ya meno imeundwa kwa punje ndogo mno, nyingi hazifiki hata mikromita moja, zimebanana bila kioo katikati. Ukiing'arisha ikalala, inalala miaka. Haibadiliki. Ubaya ni kwamba ukiiacha imekwaruzika, nayo haibadiliki. Zirkonia yenye mikwaruzo itabaki msasa ule ule mpaka jino la juu liishe.

Nilimweleza mgonjwa kwa maneno machache kuliko haya. Aliniangalia, akasema: "Kama jiwe la kusagia. Likianza kuteleza halisagi tena, bibi alikuwa analigongagonga kwa jiwe jingine ndipo linasaga." Nimekuwa nikitafuta mfano huo kwa miaka, na umekuja kutoka kwa muuza mahindi.

Nani basi aliligongagonga hili? Hadithi yake ilikuwa wazi. Siku ya kuwekewa kofia, alisema, ilikuwa juu, alikuwa anauma upande mmoja tu. Daktari akamwambia aume karatasi ya rangi, akachonga, akauma tena, akachonga tena, "kama mara nane." Kisha ikagandishwa, akaenda nyumbani. Glezi ya kiwandani iliondoka kwenye zile dakika kumi. Kilichobaki ni mifereji iliyochorwa na ncha ya almasi. Simlaumu mwenzangu kwa sauti kubwa. Kung'arisha zirkonia mdomoni kunataka mipira maalumu iliyochanganywa na unga wa almasi, ambayo ni ghali na huisha upesi, na mgonjwa wa pili tayari anakohoa nje ya mlango. Mimi pia nimewahi kuruka hatua hiyo. Labda wapo wanaotembea mjini na tupa zangu.

Kulikuwa na mambo mengine mawili. La kwanza, anasaga meno usiku. Mwenyewe alikana, lakini chonge za kulia zilikuwa na mabapa yanayolingana kama kufuli na ufunguo, na nilipouliza kama kuna mtu nyumbani analalamikia kelele, akacheka. Baba watoto aliwahi kumnunulia dawa ya minyoo. (Imani hii ya minyoo na kusaga meno imeenea pwani hadi bara, na kila mwezi nakutana nayo. Dawa ya minyoo haina ubaya, ila meno hayaachi kusagana kwa sababu yake.) La pili ni ile enameli yake ya floridi, iliyo dhaifu tangu mwanzo. Nadhani mtu mwingine mwenye kofia ile ile angefika miaka mitano ndipo alalamike.

Sasa, tufanye nini?

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuikata kofia ya zirkonia na kumwekea ya lithiamu disilikati, maana ile ya 24 ilikuwa imetulia vizuri mbele ya macho yetu, na hata mgonjwa aliitaja: "Niwekee kama ile." Takwimu nazo zilinivuta huko. Mwaka 2015 Irena Sailer na wenzake walikusanya tafiti za kofia za jino moja na kukadiria ni ngapi zinabaki mdomoni baada ya miaka mitano. Kofia za chuma na kauri zilikuwa asilimia 94.7, za kauri-kioo zilizoimarishwa kwa leusiti au lithiamu disilikati 96.6, za zirkonia 92.1, za kauri ya feldispari 90.7. Mtu akisoma haraka atasema zirkonia ni ya kukimbiwa.

Lakini zirkonia ya takwimu zile kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kizazi cha kwanza: kiunzi cha zirkonia ndani, kauri laini imepakwa juu. Kiunzi chenyewe kilikuwa hakivunjiki. Kauri ya juu ndiyo iliyomeguka, na kofia nyingine ziling'oka. Zirkonia haipitishi joto vizuri, kwa hiyo fundi akipoza kazi haraka baada ya tanuri, tabaka la juu linabaki na mvutano ndani yake, na siku moja mtu akiuma mfupa, kipande kinaruka. Ndiyo maana soko likahamia kwenye zirkonia tupu kama ya mama huyu. Kumlinganisha yeye na asilimia 92.1 ni kulinganisha trekta na pikipiki kwa sababu zote zina injini.

Kilichonizuia hasa ni nafasi. Picha ya eksirei ilionyesha kofia yenye unene wa kama milimita 0.8 juu ya gego. Zirkonia ya kawaida, ile nyeupe isiyopitisha mwanga sana, yenye itria (oksidi inayochanganywa na zirkonia) asilimia 3 ya moli, ina nguvu ya kupindwa ya megapaskali 900 hadi 1200. Inaweza kuishi kwenye unene huo. Siri yake iliandikwa na Garvie, Hannink na Pascoe katika jarida la Nature mwaka 1975: ufa ukianza, fuwele zilizo karibu nao hubadili umbo na kuvimba kwa asilimia 4 hivi, zikaubana ufa usiendelee. Lithiamu disilikati ina kama 400, na kwa magego hupenda milimita 1.5 juu, au 1 ukiwa na uhakika wa gundi na enameli ya kutosha. Ili kuipata ningelazimika kuchonga zaidi gego ambalo limeshatolewa mshipa, fupi, lenye kuta nyembamba, kwa mtu anayesaga meno. Ningekuwa nimeokoa jino la juu kwa kuua la chini.

Zirkonia zile zinazong'aa kama meno ya mbele, zenye itria nyingi zaidi, sikuzifikiria kabisa. Uzuri wake unatokana na fuwele za aina nyingine ambazo hazivimbi ufa ukija, na nguvu inashuka kwa kiasi kikubwa. Kofia ya mama huyu, kwa rangi yake ya chokaa, haikuwa ya aina hiyo, ingawa sikuwa na karatasi ya kunithibitishia. Risiti aliyoitoa kwenye pochi iliandikwa "zirkonia" basi. Nimewaomba wenzangu kliniki tuandike kwenye kadi ya mgonjwa aina kamili na jina la kiwanda. Daktari wa kesho atatushukuru.

Dhahabu? Wazee wetu wa pwani walikuwa na akili. Dhahabu hulika pamoja na jino kama ndugu, na mpaka leo sijui kitu chenye upole zaidi kwa gego la juu. Nilimtajia. Alinitazama kama niliyemtukana.

Tukaamua kuing'arisha palepale ilipo.

Kazi yenyewe ilichukua dakika 25. Karatasi ya rangi ya mikromita 40 kuona inapogusa. Mguso mmoja ulikuwa mzito mno, ule wa kusukuma taya kwenda kushoto. Huo niliupunguza kwa ncha ya almasi laini yenye pete nyekundu, maji yakimwagika muda wote. Maji hapa hayana mjadala, kwa sababu ukichonga zirkonia kavu inapata joto, inatengeneza nyufa usizoziona. Kisha mipira: wa chembe kubwa kwanza, ndio unaofanya kazi halisi ya kufuta mifereji, na huo ndio watu huuharakisha. Nilikaa nao karibu dakika kumi kwa mkono mwepesi. Halafu wa kati, halafu wa mwisho, halafu brashi na losheni ya unga wa almasi. Nilipokausha, taa ya kiti ilionekana juu ya kofia, duara lake lote, hata ile balbu moja iliyoungua.

Nikapitisha chuma. Kimya. Hakuna mstari.

Gego la juu lilijazwa kwa mjazo mweupe wa kuganda kwa mwanga juu ya dentini, kiasi tu cha kuifunika. Nilipomwambia nitapaka pia dawa ya floridi kwenye mabapa mengine aliinua kichwa: "Floridi tena, daktari? Si hiyo iliyoniharibia?" Ilibidi nisimame nieleze. Madoa yake yaliingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya, utotoni, kwa maji ya kila siku. Ya kupakwa juu ya jino lililokwisha kukomaa, tone moja, haina njia ya kurudi huko. Alikubali, kwa sura ya mtu anayekubali bei asiyoipenda. Kona iliyomeguka ya 36 nikailainisha kwa mipira ya kauri, na fundi akamtengenezea kilinda meno cha akriliki cha kulalia nacho.

Ubaridi uliisha ndani ya wiki tatu. Miezi 14 baadaye tulichukua alama nyingine tukarudia mchezo wetu wa silikoni na wembe, safari hii kwa kulinganisha na sanamu za siku ile ya Jumatatu. Kwenye kilele cha nje cha 16, ambacho hakikujazwa, hatukuona mwanya wa kupimika. Juu ya mjazo palikuwa na kidogo, kama ilivyotarajiwa. Upande wa kushoto, 26 lilikuwa limepungua kidogo mbele ya kofia ya chuma na kauri, ambayo glezi yake imekwisha siku nyingi na hakuna wa kuirudisha mdomoni. Hilo ndilo linalonikera sasa. Kofia aliyokuja kuishitaki imetulia, na ile asiyoitaja, aliyoizoea miaka yote hiyo, ndiyo inayoendelea kula polepole. Nimeing'arisha mara mbili, na kila mara vitundu vipya hujitokeza.

Nilimwambia huenda ifike siku tuibadilishe. Alikuwa anavaa viatu, ameshageukia mlango. "Hiyo iache," akasema. "Hiyo sijailalamikia." Kisha akauliza kama kilinda meno kinaweza kuchemshwa, maana mumewe aliking'ang'aniza kwenye birika.

Hakiwezi. Tumemtengenezea kingine.